Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi juu ya Ghuba ya Mwanza. Kwa mkulima wa Sengerema, mchimbaji wa Geita, mfanyabiashara wa Katoro na mgonjwa anayekimbizwa Bugando, siku ile ilifunga kitabu cha miaka mingi ya kungoja kivuko. Wananchi walilitazama daraja lile lenye urefu wa kilomita 3, wakalisifu, nao walikuwa na haki ya kulisifu. Walitazama nguzo, nyaya na magari yanayopita. Sisi leo tunawaomba wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu wa visiwani na viongozi wenye dhamana ya kuamua, watazame chini.

Daraja lile halikusimama juu ya maji. Limesimama juu ya mwamba ambao hakuna jicho la mwanadamu lililokuwa limeuona. Kabla ya nguzo kuzamishwa, ilibidi sakafu ya ghuba itobolewe, tope lipimwe unene wake, na jiwe la chini litafutwe mpaka lijulikane. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wahandisi wa Busisi waliyafika kwanza, ndipo wakajenga.

Tunalisema hili kwa sababu zipo kazi nyingine za majini zinazokuja, na moja yake inahitaji ujuzi huu kuliko zote. Hiyo ni kazi ya kufua umeme kwa nguvu ya upepo uvumao juu ya bahari na maziwa. Maoni yetu ni haya: nchi yetu ipime yenyewe sakafu ya maji yake, itunze yenyewe matokeo ya vipimo hivyo, na iwashirikishe wananchi wa visiwani tangu siku ya kwanza, kabla hajaja mtu yeyote kuomba mahali pa kusimika mnara. Tukisubiri mpaka aje, tutakuwa tumechelewa. Sisi wa ukanda wa dhahabu tunajua gharama ya kuchelewa namna hiyo.

UPEPO WA MAJINI

Minara ya kwanza ya upepo kusimikwa baharini ilikuwa 11, huko Vindeby nchini Denmark, mwaka 1991. Tangu hapo kazi hiyo imeenea katika bahari za Ulaya na China, na minara imekua mpaka imekuwa mirefu kuliko jengo lolote katika mikoa yetu. Asidhani msomaji wa Geita kwamba haya ni mambo ya maji ya chumvi peke yake. Katika ziwa la IJsselmeer nchini Uholanzi, ambalo ni la maji baridi na lenye kina kifupi, minara 89 ilianza kazi mwaka 2021. Katika ziwa Vänern nchini Sweden ipo minara tangu miaka ya 2009 na 2010.

Karibu na kwetu, majirani zetu wa Kenya walisimika mitambo 365 ya upepo katika nchi kavu kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, na mradi ukazinduliwa mwaka 2019. Sisi wenyewe tumeanza kwa hatua ndogo huko Mwenga, wilayani Mufindi, penye megawati 2.4. Hadi tunapoandika, hakuna mnara hata mmoja wa upepo uliosimikwa ndani ya maji ya Tanzania, Bara wala Visiwani. Wengine wataona kwamba kwa sababu hiyo hakuna la kujadili. Sisi tunaona kinyume chake. Huu ndio wakati pekee ambapo tunaweza kujadili bila kushurutishwa na mkataba.

SOMO LA DHAHABU

Turudi nyuma kidogo, kwa maana historia ya Geita inatufundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote.

Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Mjerumani mwaka 1898. Mgodi wa kikoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Kisha, kati ya mwaka 1977 na 1980, Serikali yetu iligharamia upimaji wa nchi nzima kwa ndege. Ndege zilipita katika mistari iliyoachana kwa kilomita moja, zikipima nguvu ya sumaku ya miamba iliyo chini. Mawe ya Geita yana tabaka za chuma, na chuma hujitangaza kwa sumaku hata kikiwa kimefunikwa na udongo. Ramani zilizotokana na kazi ile zilikuwa mali ya umma, nazo zilikuwa mali kubwa.

Lakini ramani haimfai asiyeweza kuisoma. Miaka ya 1990 ilipofika, makampuni ya nje yalikuja na wanajiolojia wao na mitambo yao ya uchorongaji. Yaliongeza vipimo juu ya vipimo vyetu, yakajua kilichomo chini ya vilima vyetu kwa undani tusioujua sisi. Mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Wengi wameilaumu sheria ile, na lawama nyingine zina haki. Hata hivyo, sheria ni mwana wa mazungumzo, na katika mazungumzo yale mmoja alijua kilichomo chini na mwingine alikuwa akikisia. Muuzaji asiyejua thamani ya bidhaa yake hawezi kupanga bei.

Ilipofika mwaka 2017, makontena 277 ya mchanga wa madini yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Aliyepewa kazi ya kuongoza kamati ya kwanza ya kuuchunguza mchanga ule alikuwa Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia na mtendaji mkuu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Kampuni iliyapinga matokeo ya kamati, na mabishano yakawa makali. Lakini angalieni mwisho wake: mwaka huohuo sheria zikabadilishwa, mrabaha ukapanda hadi asilimia 6, Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na mwaka 2020 Kampuni ya Twiga ikaanza, Serikali ikiwa mbia. Marekebisho yaleyale ya mwaka 2017 yaliagiza taarifa za jiolojia zitunzwe katika kanzidata ya Taifa. Kwa maneno mengine, tulianza kuheshimiwa mezani siku tulipoanza kupima wenyewe.

Tangu uvumbuzi wa Mjerumani yule mpaka kuundwa kwa Kampuni ya Twiga ilipita miaka 122. Tunauliza: je, tunataka kusubiri miaka mingine mingi kabla ya kuijua sakafu ya ziwa letu na bahari yetu?

KILICHOKO CHINI

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na asilimia 51 ya eneo hilo ni ya Tanzania. Pamoja na ukubwa wote huo, si ziwa lenye kina kirefu. Wastani wa kina chake ni kiasi cha mita 40, na pale penye kina kikubwa ni kiasi cha mita 80. Minara ya upepo yenye miguu inayofika chini husimikwa kwa kawaida katika maji yasiyozidi mita 60. Zaidi ya hapo hutumika minara inayoelea na kufungwa kwa nanga. Kwa hiyo, kwa kuangalia kina peke yake, sehemu kubwa ya ziwa iko ndani ya uwezo wa ufundi wa leo.

Lakini kina cha maji ni nusu tu ya habari. Miaka ya 1995 na 1996 wanasayansi walilipima ziwa hili kwa mawimbi ya sauti, wakachukua sampuli za mashapo yake. Waligundua jambo la kustaajabisha: Ziwa Victoria liliwahi kukauka. Kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, pale wanapotega nyavu leo wavuvi wa sangara palikuwa nchi kavu. Chini ya tope laini la leo limo tabaka la udongo mzito wa nchi kavu, wa jamii ya ule wa mbuga ambao mkulima wa Shinyanga anaufahamu vema: kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, masika huvimba na kunata. Aliyejenga nyumba juu ya udongo wa mbuga bila kuchimba msingi wa kutosha anajua kuta zake zilivyopasuka. Basi na afikirie mnara wenye uzito wa mamia ya tani, unaotikiswa na upepo usiku na mchana, ukisimama juu ya tope mithili ya uji, na chini ya uji huo udongo wa namna ile.

Kwenye ghuba na kuzunguka visiwa hali ni nyingine tena. Huko kuna matale, yaani mawe yaleyale magumu yanayochomoza Mwanza mjini na katika vilima vingi vya Usukumani. Kila anayeshuka Mwanza huonyeshwa Mwamba wa Bismarck, jiwe lililosimama ndani ya maji kana kwamba limewekwa kwa mkono. Mawe ya namna hiyo yako pia chini ya maji, yamefunikwa na tope, hayaonekani. Mahali pamoja mchorongaji hupita katika tope kwa mita nyingi. Hatua chache kutoka hapo hugonga jiwe mara moja. Tena jiwe hilo laweza kuwa bonge tu lililolala ndani ya udongo, wala lisiwe mwamba wenyewe. Asiye mwangalifu atadhani amefika, atasimika nguzo yake juu ya bonge, na siku moja bonge litaegama pamoja na mnara.

Huku ndiko kujua kunakohitajika. Kazi huanza kwa chombo kinachotuma sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake. Kutokana na mwangwi huo huchorwa ramani ya sura ya sakafu: mabonde, matuta, mawe na mabaki ya vyombo vilivyozama. Kisha hutumwa sauti nzito zaidi, ambayo haikomei juu ya tope, bali hupenya na kurudi kutoka kila tabaka, ikieleza wapi tope linakwisha na wapi udongo mgumu au mwamba unaanza. Chombo cha sumaku hukokotwa nyuma ya meli kutafuta chuma kilichozikwa, kama vile nyaya na mabomba. Mwisho wa yote, na hapa ndipo penye gharama, huteuliwa mahali pa kuchoronga, zikatolewa sampuli za udongo na mawe na kupimwa nguvu yake katika maabara. Sauti hutoa fununu. Sampuli ndiyo shahidi.

WENYE VISIWA NA WANYWAO MAJI

Sasa tunakuja kwenye jambo linalotugusa zaidi. Sakafu ya ziwa si kiwanja kitupu kinachongoja mwenyewe. Wananchi wa Kome, Maisome, Izumacheli, Ukerewe na Ukara wanaishi juu yake. Dagaa, sato na sangara vinazaliana na kulishwa na maji yaliyo juu yake. Na sisi tulio mbali na pwani ya ziwa, huku Shinyanga na Kahama, tangu mwaka 2009 tunakunywa maji yanayovutwa kutoka Ihelele. Mtu anayedhani kwamba habari ya chini ya ziwa inamhusu mvuvi peke yake, na afungue bomba lake.

Kuchoronga na kuchimba hutibua mashapo, na mashapo ya ziwa hukusanya kila kitu kinachoteremshwa na mito. Katika ukanda wa Geita, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kwa miongo mingi kukamatia dhahabu, na mito inayopita kwenye machimbo inaelekea ziwani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na hilo ni jambo jema. Lakini zebaki iliyokwisha kumwagwa haisomi mikataba. Kabla hatujaruhusu mtambo wowote uchokonoe sakafu karibu na mialo au karibu na mahali tunapovuta maji, lazima ijulikane tope la pale lina nini ndani yake. Mkoa wa Shinyanga umeona kwa macho yake tope linavyoweza kufanya: tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la mabaki ya mgodi wa Mwadui lilipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi ya watu.

Ugenini nako yapo ya kujifunza. Katika ghuba ya Saint-Brieuc nchini Ufaransa, minara 62 ilikusudiwa kusimikwa juu ya mwamba mgumu. Uchorongaji ulikuwa mzito, na mwaka 2021 mafuta yalivuja kutoka meli iliyokuwa ikichoronga. Wavuvi, ambao walikuwa wakipinga tangu awali, wakaingia baharini na mashua zao kuandamana. Na huko Turkana, ambako minara iko nchi kavu, mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana bila kufuata utaratibu, kufuatia shauri lililofunguliwa na wenyeji. Mitambo ilikuwa imekwisha kusimama. Kumshirikisha mwananchi mwishoni ni sawa na kumwita mgeni karamuni baada ya sahani kuoshwa.

Mvuvi, kwa upande wake, anayo elimu. Anajua ni wapi nyavu huchanika juu ya mawe, wapi nanga inazama na kugoma kutoka, wapi maji hugeuka rangi baada ya upepo. Elimu hiyo haikuandikwa, lakini ni kipimo cha miaka mingi kilichofanywa bila mshahara. Timu ya upimaji itakayokwenda Maisome au Ukara bila kukaa kwanza na wazee wa mwalo itatumia fedha nyingi kugundua mambo yanayojulikana tayari.

NDUGU ZETU WA ZANZIBAR

Tumesema wananchi wa visiwani, na hatuwezi kuwasahau wale wa Unguja na Pemba, ambao wanaijua thamani ya kitu kilicholala chini ya maji. Waya wa kwanza wa umeme kutoka Bara kwenda Unguja, kati ya Ras Kiromoni na Ras Fumba, ulitandazwa mwaka 1980. Kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikaa gizani kiasi cha miezi mitatu kwa sababu njia hiyo moja iliharibika. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, na Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010.

Huko mwambao upepo una majina na majira yake, kusi na kaskazi, nao unaaminika kuliko wa kwetu ziwani. Lakini sakafu ya bahari inatofautiana sana. Mkondo wa Unguja ni wa maji mafupi, na zamani, bahari ilipokuwa chini, Unguja ilishikana na Bara. Mkondo wa Pemba ni shimo la mamia ya mita, ambamo mguu wa mnara hauwezi kufika. Tena mwamba wa matumbawe una mapango na matundu ndani yake, kama wanavyojua wachimba visima wa Unguja. Kwa juu ni mgumu, na ndani pengine ni mtupu. Matale ya Mwanza na matumbawe ya Fumba ni mawe mawili tofauti kabisa, lakini funzo lake ni moja.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaotuuliza: je, nchi ambayo bado ina zahanati zisizo na dawa za kutosha itumie fedha kupima tope? Hoja hii ni ya haki, nasi hatuidharau. Wengine watasema kwamba upepo wa ziwani haujathibitishwa kuwa wa kutosha, kwamba usiku ziwa hupigwa na dhoruba za radi, na kwamba Singida na Makambako kuna upepo mzuri juu ya ardhi kavu, ambako kujenga ni rahisi zaidi. Tena tunalo bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115.

Yote haya ni kweli, na ndiyo maana hatusemi leo kwamba minara ijengwe ziwani. Huenda vipimo vikaonyesha kwamba isijengwe kabisa, na jibu hilo nalo litakuwa faida, kwa kuwa litatukinga na mradi wa hasara. Tunachosema ni kwamba kipimo cha sakafu hakipotei hata mnara usiposimama. Ramani ileile inamfaa nahodha wa kivuko anayekwenda Ukara gizani. Inamfaa mhandisi anayetandaza waya wa umeme kwenda kisiwani, au bomba la maji, na anayefikiria daraja jingine. Inamfaa mfugaji wa samaki wa vizimba anayetafuta mahali penye maji yanayotembea. Upimaji wa kwanza mkubwa wa ziwa hili kwa ajili ya meli ulifanywa na Waingereza katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, kwa kuteremsha kamba yenye risasi. Ziwa lililochukua ndugu zetu katika MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 linastahili kupimwa upya na wenye ziwa. Vyombo vile havikuzama kwa kukosa ramani. Lakini nchi inayoyaheshimu maji yake hujitahidi kuyajua yote.

Ama kuhusu gharama, tukumbuke kwamba hata juu ya nchi kavu kazi haijakwisha. Wizara ya Madini ilieleza mwaka 2023 kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa undani, na lengo likawekwa kufikia asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Tunaunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Tunaomba tu kwamba wanapochora mipaka ya asilimia hizo, kalamu isisite inapofika ukingoni mwa maji. Miamba ya Geita haikomi ufukweni. Inaendelea chini ya ziwa, nayo ni mali yetu huko kama ilivyo mali yetu huku.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, Serikali yenyewe ndiyo iwe mpimaji wa mwanzo. Uholanzi, ambayo haina haja ya kufundishwa habari za biashara, hufanya hivyo: serikali yake hugharamia upimaji wa sakafu ya bahari na kuyatangaza matokeo kwa washindani wote kabla ya zabuni, ili kila mmoja atoe bei akijua anachokinunua. Sisi tunayo Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma, iliyorithi kazi ya idara iliyoanzishwa mwaka 1925. Tunayo TAFIRI, ambayo katika ziwa hili hutumia vyombo vya mwangwi kuhesabu samaki. Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar. Kila mmoja ana kipande cha kazi hii. Kinachokosekana ni mkono wa kuvishona vipande hivyo viwe nguo moja.

Pili, yeyote atakayeruhusiwa kupima kwa fedha zake, na tunajua watakuwapo, akabidhi vipimo vyote kwa Taifa, sampuli pamoja na maandishi. Kanuni hii ipo katika madini na ipo katika mafuta na gesi. Isisubiri mpaka upepo nao uwe na kashfa yake.

Tatu, kila timu ya upimaji iwe na vijana wetu ndani yake, wakiwa wanashika vyombo kwa mikono yao. Kijana wa Nyarugusu aliyezoea kulijua jiwe kwa kuligonga hakosi akili ya kujifunza kulisoma kwa mwangwi. Makosa ya miaka ya 1990 yalikuwa kuwa na ramani bila wasomaji wa kutosha.

Nne, halmashauri za wilaya zenye visiwa ziweke utaratibu wa kukutana na wananchi mialoni kabla ya meli ya upimaji kufika, na kurudi tena baadaye kuwaeleza kilichoonekana. Mtu aliyeambiwa kilichoko chini ya mtumbwi wake hawezi kudanganywa na dalali.

Tano, na hili tunalielekeza kwa viongozi wa mamlaka za maji na za mazingira: tope lichunguzwe kabla ya kutibuliwa, na maeneo ya kuvuta maji ya kunywa na mazalia ya samaki yawekewe mipaka mapema katika ramani, wakati bado hakuna anayedai fidia.

Hatuandiki haya kwa kuwachukia wageni. Mgeni mwenye mtaji na ujuzi karibu sana, tutamkunjulia mkeka. Lakini atakapofika na kututaka mahali pa kusimika mnara wake, tunataka mwenyeji amwambie bila kutafuta karatasi: hapa pana tope la mita kadhaa, pale pana jiwe, kule ni mazalia ya sato hapaguswi, na bei ya mahali hapa ni hii. Babu zetu wa Geita walimwangalia mgeni akipekua vilima vyao, wasijue anatafuta nini. Wajukuu zao hawana udhuru huo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliye nyumbani mwake ndiye anayepaswa kuinama wa kwanza.